Baraka hadi Kinshasa: masaa mawili kwa ndege, siku ngapi njiani?

BARAKA, KIVU KUSINI – Ukichukua simu na kuuliza intaneti kuna umbali gani kutoka Baraka hadi Kinshasa, jibu linafika upesi: zaidi ya kilomita 1,500, masaa mawili hivi kwa ndege. Jibu hilo si la uongo. Tatizo ni kwamba hakuna kampuni inayouza tiketi ya safari hiyo. Baraka ni mji wenye hadhi yake, wenye soko na bandari, lakini hakuna ndege ya abiria inayotua hapa kwa ratiba.

Swali la umbali linaulizwa kila siku Fizi, na wanaouliza si watu wa kutalii. Ni mwanafunzi aliyeitwa Kinshasa kufuatilia diploma yake, au mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa. Mara nyingi ni familia iliyopata habari ya kifo. Simu kutoka Kinshasa inapigwa usiku, na asubuhi wazee wanakaa chini kuhesabu nani atakwenda na atafika siku gani. Ndugu wa Kinshasa, hasa vijana waliozaliwa huko, hawaelewi kwa nini baba mdogo ashindwe kufika kabla ya mazishi wakati ramani inasema masaa mawili.

Tumejaribu kupiga hesabu hiyo, kwanza ya angani, kisha ya chini.

Mstari mmoja, mashariki hadi magharibi

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui: Baraka na Kinshasa ziko karibu kwenye mstari mmoja. Kinshasa iko kama digrii 4 na robo kusini mwa ikweta, na Baraka digrii 4 na kidogo. Rubani ambaye angeruka kutoka uwanja wa N'Djili na kushika mashariki moja kwa moja, bila kupinda, angefika kwenye ghuba ya Burton, karibu kabisa na rasi ya Ubwari. Umbali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 1,530. Kutoka Paris hadi Roma, safari inayovuka mpaka wa nchi, ni kilomita 1,100 tu.

Ndege kubwa ya jeti, aina ya Boeing au Airbus zinazotumika kwenye safari za ndani ya nchi, inakwenda kilomita 800 kwa saa au zaidi kidogo ikiwa juu. Gawanya 1,530 kwa 800, unapata karibu masaa mawili. Ongeza dakika 20 au 30 za kupanda, kushuka na kutafuta njia ya kutua, ndiyo maana tiketi za Goma–Kinshasa zilikuwa zinaandikwa masaa mawili na robo hadi masaa mawili na nusu. Ndege ya mapanga inayokwenda kilomita 600 kwa saa ingetumia zaidi ya masaa mawili na nusu. Zile ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya udongo kama vya Minembwe zinakwenda kama kilomita 300 kwa saa. Hizo zingehitaji zaidi ya masaa matano na kusimama njiani kuongeza mafuta.

Cha kushangaza zaidi ni kwamba miji yote ya ukingo wa mashariki iko karibu sawa na Kinshasa. Kavumu, uwanja wa Bukavu, ni kama kilomita 1,500. Bujumbura na Kalemie, zote mbili, ni kama 1,540. Goma ni kama 1,560, na hata Lubumbashi, ambayo sisi tunaiona kama dunia nyingine, ni karibu hiyo hiyo. Kwa rubani hakuna tofauti kubwa. Tofauti yote iko kwa abiria: ni uwanja upi anaweza kuufikia, na je, uwanja huo umefunguliwa?

Viwanja viwili vilivyofungwa

Kwa miaka mingi mtu wa Fizi aliyetaka kwenda Kinshasa alikuwa na njia moja iliyozoeleka. Aliteremka kutoka Fizi-kati hadi Baraka, akapanda gari hadi Uvira, akaendelea hadi Bukavu na mwisho Kavumu, kilomita kama 30 kaskazini mwa Bukavu. Kutoka Uvira hadi Bukavu wengi walipita upande wa Rwanda kupitia Kamanyola na Bugarama, kwa sababu lami ya jirani ilikuwa bora kuliko milima ya Ngomo. Hilo pekee linasema mengi: ili kutoka mji mmoja wa Kivu Kusini hadi mwingine, ulipigiwa muhuri katika nchi nyingine.

Mwaka 2025 njia hiyo ilikatika. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Tarehe 14 Februari Kavumu ikafuata, kisha Bukavu yenyewe. Serikali ya jimbo ikahamia Uvira, na kwa muda watu wa Baraka wakajikuta, kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba, karibu zaidi na ofisi za gavana kuliko walivyowahi kuwa: kilomita kama 90 badala ya zaidi ya 200. Desemba mwaka huo huo vita ikafika Uvira pia. Maelfu ya raia walikimbilia Burundi, wengine wakashuka kuelekea Baraka kwa miguu, kwa pikipiki na kwa boti.

Hivyo hesabu ya kilomita 1,530 haikubadilika hata kwa mita moja. Kilichobadilika ni mahali pa kupandia ndege.

Kwenda mashariki ili kufika magharibi

Njia ya kwanza iliyobaki ni ya kaskazini, kupitia Burundi. Msafiri anaondoka Baraka na kufuata barabara ya taifa nambari 5, RN5, kando ya ziwa: Lusenda, Mboko, Swima, Makobola, mpaka Uvira. Barabara hii kwenye karatasi ndiyo inayounganisha Bukavu na Lubumbashi kupitia Fizi na Kalemie. Anayeipita wakati wa mvua anajua kwamba karatasi huvumilia mengi. Mito inayoshuka kutoka milimani haina subira. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ndani ya mji wa Uvira, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Katika miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda na kula sehemu za pwani. Wakati wa kiangazi, na usalama ukiwepo, kilomita 90 za Baraka hadi Uvira ni safari ya masaa manne hivi. Wakati wa mvua hakuna dereva mwenye akili anayekutajia saa ya kufika. Na vizuizi vya barabarani vina bei zake, ambazo pia hupanda na kushuka kama maji ya ziwa.

Kutoka Uvira unavuka mpaka wa Kavimvira na Gatumba, na Bujumbura ni kama kilomita 30 tu. Hapo unaona ndege kweli. Lakini sasa angalia ramani vizuri. Ukipata tiketi ya kupitia Nairobi, unaruka kilomita 870 kuelekea mashariki, unangoja, kisha unaruka kilomita 2,400 kurudi magharibi, na njiani ndege inapita tena juu ya upande wetu. Jumla ni karibu kilomita 3,300, zaidi ya mara mbili ya mstari ulionyooka. Ukipitia Addis Ababa ni kilomita 1,700 kwenda kaskazini mashariki na karibu 3,000 kurudi: 4,700, mara tatu. Angani peke yake ni masaa matano hadi saba, bila kuhesabu kukaa kwenye viti vya uwanja usiku kucha.

Na safari ya ndani ya nchi imegeuka kuwa ya kimataifa. Unahitaji pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wakati wa kurudi kutoka Kinshasa unakutana na Go Pass, ile tozo ya uwanja iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa dola 10 kwa safari za ndani na dola 50 kwa safari za nje. Mkongomani anayetoka mji mkuu wa nchi yake kurudi kijijini kwake ndani ya nchi hiyo hiyo anahesabiwa kama anayekwenda ng'ambo.

Njia ya ziwa

Njia ya pili ni ya kusini, kupitia Kalemie. Kwa mstari ulionyooka kutoka Baraka ni kama kilomita 200. Barabara inapanda Fizi-kati, inaelekea Lulimba na kuendelea hadi jimbo la Tanganyika. Ni njia ya pikipiki, ya magari makubwa ya mizigo na ya wanaofuata dhahabu ya Misisi, na kwa miaka mingi wasafiri wameiogopa kwa sababu ya makundi yenye silaha. Wengi huchagua maji.

Boti za mbao zenye injini huondoka jioni, upepo ukitulia, na kusafiri usiku. Nani hajui safari hiyo? Magunia chini, watu juu ya magunia, watoto wamefunikwa kitenge, na maboya ya kujiokoa ambayo hayatoshi hata nusu ya abiria. Ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470 na halisamehe mzigo uliozidi. Desemba 2014 meli MV Mutambala, iliyobeba jina la mto na sekta ya hapa Fizi, ilizama ikitokea upande wa Kalemie kuelekea Uvira. Watu zaidi ya 120 walikufa. Kila familia ya pwani hii inapomsindikiza mtu bandarini, jina hilo liko kichwani hata kama halitajwi.

Ukifika Kalemie salama, unatafuta ndege ya ndani. Hapo hakuna pasipoti, na ni faraja kubwa. Lakini ndege haiendi kila siku, na mara nyingine inapitia Lubumbashi kwanza: kilomita kama 660 kwenda kusini, kisha 1,560 hadi Kinshasa. Jumla 2,200. Ukikosa ndege ya siku hiyo unalala Kalemie siku mbili au tatu, na chumba cha kulala, chakula na usafiri wa kwenda na kurudi uwanjani vinakula pesa za matanga ulizotumwa kupeleka.

Kwa hiyo, kwa mtu anayetoka Fizi-kati, hesabu ya kweli iko hivi. Kilomita kama 35 za kushuka hadi Baraka, masaa mawili kwa pikipiki ikiwa hakuna matope. Usiku mmoja Baraka kungoja boti au gari. Siku moja, au usiku mmoja, hadi Uvira au Kalemie. Siku moja au tatu za kungoja ndege. Kisha yale masaa mawili. Aliyebahatika anafika siku ya nne. Wengi hufika baada ya wiki, na kaburi limekwisha kufunikwa.

Muda wa angani na muda wa safari

Pengo hili kati ya muda wa kuruka na muda wa kufika si jipya Kongo. Ndege ya kwanza kutoka Ubelgiji hadi Kongo iliondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925, ikiongozwa na rubani Edmond Thieffry. Ilifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili, siku ya 51. Kati ya siku zote hizo, muda wa kuruka angani ulikuwa masaa 75 na dakika 25. Siku nyingine zote zilikuwa za kungoja, kutengeneza mashine na kutafuta mahali pa kutua. Miaka mia moja imepita, na mtu wa Fizi anaijua hesabu hiyo vizuri kuliko mtu wa Brussels.

Kuna waliokwenda Kinshasa kwa njia nyingine. Laurent-Désiré Kabila aliishi miaka mingi katika milima ya Fizi na maquis yake huko Hewa Bora. AFDL ilipoundwa Lemera, Oktoba 1996, askari wake walianza kuelekea magharibi, wengi kwa miguu na mabuti ya plastiki. Waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997. Miezi saba. Wazee wengine hapa husema kwa mzaha kwamba hiyo ndiyo safari pekee ya Fizi–Kinshasa iliyokwenda bila kukata tiketi.

Ndege zinazotua katika eneo letu leo ni za misaada, kama zile za UNHAS zinazoendeshwa na shirika la chakula duniani, PAM. Zinabeba wafanyakazi wa mashirika ya kibinadamu, dawa na vifaa. Zina kazi yake na zimeokoa maisha, lakini baba mwenye gunia la samaki wakavu hapandi humo. Anasimama chini, anainua macho, anaendelea na kazi.

Angalia saa yako

Jambo moja linawatesa hata wanaopata tiketi, na halihitaji barabara wala amani ili kulitatua. Kongo ina saa mbili. Kinshasa iko nyuma ya Fizi kwa saa moja, na jua linathibitisha: linachomoza kwetu kama dakika 55 kabla ya kuchomoza Kinshasa.

Tiketi huandika saa ya mahali. Ndege inayoondoka Kinshasa 10:00 na kuruka masaa mawili inatua Kalemie 13:00, si 12:00. Wakati wa kurudi, inayoondoka Kalemie 14:00 inatua Kinshasa 15:00, na mtu anafikiri amesafiri saa moja tu. Mwenye simu isiyobadilisha saa yenyewe, akitua Kinshasa, atafika kwenye miadi saa moja kabla. Akirudi, atakuta ndege ya kuunganisha imeondoka. Bujumbura na Lubumbashi wana saa sawa na Baraka. Nairobi na Kigoma wako mbele yetu kwa saa moja. Aliyezoea kuvuka ziwa kwenda Kigoma analijua hilo, kwa sababu amewahi kufika ofisi ya mpakani na kuambiwa wamefunga.

Kigoma ni karibu kuliko Kinshasa

Kigoma iko kilomita 105 tu kutoka Baraka. Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 1,170, yaani karibu kuliko mji wetu mkuu, na kutoka Kigoma kuna reli na kuna ndege. Ndiyo maana saruji, sabuni na unga katika soko la Baraka vina maandishi ya Tanzania. Mfanyabiashara hafuati bendera, anafuata njia inayopitika.

Watu pia walifuata njia hiyo. Vita vya 1996 na 1998 vilivusha maelfu ya watu wa Fizi hadi mkoa wa Kigoma, na wengi wakaingia kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kutoka Baraka hadi Nyarugusu, kama ndege angevuka ndege wa mbawa, ni kama kilomita 145. Jeti ingemaliza umbali huo kwa dakika kumi na kitu. Mwaka 2005 wakimbizi walianza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na wengi walishuka bandarini hapa na magodoro yao. Wengine walibaki, kwa sababu habari zilizovuka ziwa hazikuwa nzuri.

Baadhi ya waliobaki walipata safari ndefu zaidi: Marekani. Leo kuna familia za Wabembe na za Wanyamulenge katika majimbo mengi ya huko, na matanga ya Fizi yanafuatwa kwa video. Kutoka Kigoma hadi Chicago ni kama kilomita 12,600, masaa 14 au 15 ya kuruka ukitoa kungoja, na tiketi hukatwa na shirika la IOM kama mkopo ambao familia inalipa polepole baada ya kufika. Tarehe 20 Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Waliokuwa wameuza vyombo na kuaga majirani walibaki kambini, kilomita 145 kutoka nyumbani na 12,600 kutoka walikokuwa wanakwenda.

Wakati huo huo, upande huu wa ziwa, Goma ilikuwa inaanguka, na uwanja wa karibu ulibaki na wiki tatu tu kabla ya kufungwa.